Sikoseli ni ya mtoto mmoja, darasa ni la nyumba nzima

Naandika hii kwa mama ambaye wiki hii kapewa majibu kliniki, karudi nyumbani na karatasi kwenye pochi na hajui aanze kumwambia nani. Mi nimeshapita hapo. Mtoto wangu wa pili, binti, ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao wengi tunaita sikoseli, sa hivi ana miaka 12 na mwaka huu 2025 ndo kamaliza darasa la saba. Kwa miaka yote hiyo nimeona dawa zake siyo ngumu kihivyo, ngumu ni watu. Baba, bibi, dada wa kazi, mwalimu, jirani mwenye ushauri wake, wote ilibidi wafundishwe mmoja mmoja, na ukimruka mmoja basi siku ya tatizo ndo huyohuyo utamkuta kabaki na mtoto peke yake.

Tunaishi Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe. Anayepajua anaelewa, bodaboda inaishia chini, kuanzia hapo ni ngazi za mawe na vinjia vya kupita katikati ya nyumba za watu. Mi nauza mitumba Mlango Mmoja, nguo za watoto. Baba yao ni dereva wa fuso, anabeba dagaa, kwa hiyo wiki hii yupo wiki ijayo yuko njiani.

Mtoto alizaliwa mzima kabisa, na hili ndo linawachanganya watu wengi. Sikoseli haionekani kwa macho siku ya kuzaliwa, mtoto anakuja na damu ya kichanga ambayo inamlinda, inapungua taratibu na kuanzia kama miezi sita hivi ndo mambo yanajitokeza. Kwake yalianzia mikononi. Asubuhi nafungua kanga namkuta viganja vimevimba juu pamejaa kama andazi, na miguu hivyohivyo, ukimgusa tu analia mpaka sauti inakata. Jirani wa kwanza akasema mmemlalia. Wa pili akasema ni meno ya plastiki hayo, kuna bibi anayatoa kwa elfu chache tu. Jamani naomba niseme hapa, hakuna kitu kinaitwa meno ya plastiki, kile wanachokichokonoa ni jino lake la kawaida ambalo bado halijatoka, mtoto anavuja damu na anaweza kupata maambukizi mabaya, na kama ana sikoseli maambukizi ndo adui yake namba moja. Sikumpeleka, siyo kwa sababu nilikuwa mjanja, ni kwa vile sikuwa na hela siku ile.

Tulizunguka. Zahanati moja ya mtaani walikuwa wanampa dawa ya malaria kila tukienda, kipimo hawapimi, ana homa basi ni malaria, si tuko Kanda ya Ziwa. Aliyetuokoa ni nesi mmoja wa kliniki ya chanjo, alimvuta mtoto kope la chini akaangalia, akaniuliza macho haya yamekuwa ya njano tangu lini, akasema mama nenda Bugando kampime sikoseli. Majibu yakatoka SS, maana yake kachukua kwa mama na kachukua kwa baba.

Hapo ndo likaanza la baba yake. "Kwetu hakuna huo ugonjwa." Mama mkwe naye akasema ukoo wao haujawahi, labda wa kwetu, na mi mtu wa Ukerewe yakaongezwa na ya visiwani humo humo. Nilijibizana nao wee mpaka nikachoka. Kilichosaidia ni kuacha kubishana nikamvuta mwenyewe kliniki, siku hiyo fuso lilikuwa gereji. Dokta alimweleza taratibu, kwamba ili mtoto awe SS lazima baba naye awe na kipande cha S cha kurithisha, yaani wote wawili ni AS, hamuumwi wala hamjui, na mkikutana kila mimba ina robo ya kupata mtoto mgonjwa, nusu ya kupata mbebaji kama nyie, robo ya kupata asiye na kitu kabisa. Na akasisitiza ni KILA mimba, bahati inachezwa upya. Kuna watu wanahesabu kwamba nimeshapata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata salama, hapana, unaweza kupata wawili mfululizo. Mume wangu akaenda kupima. Alirudi hakusema kitu, akaweka karatasi yake juu ya tivii akatoka nje kuvuta sigara, na tangu siku hiyo neno la kwetu na kwenu halijasikika tena nyumbani kwangu. Kwa hiyo kama una mume mbishi usimpelekee maneno ya dokta, mpeleke yeye kwa dokta. Maneno yaleyale ukiyasema wewe ni kelele.

Kuhusu dawa nieleze kwa kifupi maana kila kliniki watakueleza. Foliki, kidonge cha kusaidia damu, kila siku. Penisilini asubuhi na jioni mpaka afikishe miaka mitano, hii ni kinga, anakunywa hata kama haumwi, na hapa ndo watu wanaacha kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Chandarua usiku wote, malaria kwa mtoto huyu inashusha damu haraka sana. Maji mengi, sana tena. Hapo kwenye maji mtu wa Mabatini utanielewa, ziwa unaliona pale chini linametameta ila bomba likikatika siku tatu unanunua maji ya madumu yanapandishwa kwa bega, na bei inapanda kadri nyumba ilivyo juu. Mtoto wa sikoseli hatakiwi kukaa na kiu kwa sababu damu ikikosa maji zile chembe nyekundu zinajikunja, zinanasa kwenye mishipa midogo, ndo yanakuja yale maumivu. Nikaweka dumu moja la kwake, limechemshwa, la kunywa tu, hakuna mtu kugusa. Kaka yake akalitungia jina, anaita benki.

Hela nisiwadanganye, zinaenda. Dawa zenyewe siyo zinazomaliza, kinachomaliza ni zile siku. Ukilazwa naye wiki biashara imefungwa wiki, hapo bado nauli, chakula cha anayekusaidia, na dawa ikikosekana dirishani unaandikiwa ukanunue nje. Tulipompatia Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto, kwa 50,400 kwa mwaka nilipumua, yaani elfu hamsini kwa mtoto ambaye analazwa, ni kama bure. Halafu 2023 usajili wa mzazi mmoja mmoja ukasitishwa, na wenzangu kadhaa ambao kadi za watoto zilikuwa zimeisha walirudi kulipa keshi. Mambo ya bima yanabadilika kwa hiyo usiende kwa habari ya jirani, nenda dirishani uliza utaratibu wa sasa hivi, na kadi ikiwepo usisubiri iishe ndo uhangaike. Na zaidi ya bima nina kopo. Ndani ya kopo kuna hela ya usiku, ya boda na ya kuanzia, haiguswi hata kama mtu anadaiwa kodi. Bima haikubebi kukushusha Mabatini saa nane za usiku.

Sasa dada wa kazi. Nilimpata binti kutoka Geita, mpole, shule aliishia la tatu. Nilimfundisha vitu vitatu tu. Kwanza kipimajoto, nikamwambia namba ikianzia 38 kwenda juu usinisubiri mimi, usimpe panado ukakaa kuangalia, funga mtoto mgongoni ushuke naye. Pili tumbo, upande wa kushoto chini ya mbavu, nilimshika mkono nikamwonyesha namna ya kubonyeza taratibu, bandama ikivimba ghafla na mtoto akapauka midomo na viganja ni hatari ya saa hiyohiyo, damu inakuwa imejifungia humo. Tatu mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla, hiyo ni kiharusi, watoto hawa wanapata kiharusi wakiwa wadogo na watu wanasema karogwa. Kila Jumapili namuuliza kama mwalimu, ukiona hivi unafanya nini. Alikuwa anacheka. Na bodaboda wa pale chini nilimfundisha pia, namba yake nikaiandika ukutani kwa mkaa, nikamwambia ukiona simu ya nyumba hii usiku ujue siyo salamu.

Ile siku ilipokuja mi nilikuwa msibani Magu. Dada akapima 39, akamfunga mgongoni akashuka naye mawe yote yale usiku, tochi ya simu kaishika kwa meno kwa sababu mkono mmoja unashika ukuta mwingine unashika mtoto. Boda alikuwa ameshawasha pikipiki. Nilipofika hospitali alfajiri nikamkuta mtoto ana dripu na dada kalala sakafuni, viatu hana, kimoja kilibaki kwenye mawe. Dokta akasema mngesubiri asubuhi tungekuwa na habari nyingine. Huyo binti ameshaolewa sasa, mahari yake mume wangu alienda kuisimamia Geita kama mwanae.

Kuna ya bibi. Mama mkwe anakaa Sengerema, na likizo ya Desemba wajukuu lazima waende. Mwaka 2019 nikawapeleka, nikamwachia dawa zote na maelekezo, akasema sawa mayu, yaani mama. Kumbe moyoni anaona mtoto anadekezwa. Mtoto akikojoa kitandani bibi anamchapa, kubwa zima hili. Hapa na mama wengine naomba mnisikilize, mtoto wa sikoseli anakojoa kitandani mpaka umri mkubwa na siyo uvivu, figo zake haziwezi kuubana mkojo kama za wengine, halafu wewe huyohuyo unamnywesha maji kutwa, unategemea nini? Usimnyime maji usiku ili shuka ibaki kavu. Nunua nailoni, tandika chini ya shuka, mwamshe mara moja katikati ya usiku, maisha yaendelee.

Bibi yeye alimnyima maji jioni. Na mchana wake binamu zake walikuwa wameenda naye kuoga ziwani mpaka jua linazama, upepo unavuma. Usiku yakaanza, miguu, mgongo, kifua. Bibi akamkanda na mafuta akamfunika mablanketi akijua ni baridi imemwingia, na kwa kweli kumpasha joto hakukosea, ila mtoto alikuwa anahitaji dawa ya maumivu na maji na hospitali. Asubuhi ndo wananipigia. Kumleta Mwanza wakati ule ni kivuko cha Busisi, foleni ya magari, unakaa kwenye gari unaliona ziwa na ng'ambo unaiona na huwezi kufanya lolote. Bibi mwenyewe ndo alikuwa amempakata, na naamini lile foleni ndo lilimfundisha kuliko mimi na dokta. Aliongezewa damu siku hiyo. Damu nayo ilikuwa shida maana likizo damu inapungua, wachangiaji wengi ni wanafunzi na shule zimefungwa, tukatafuta ndugu. Bibi, umri umeshaenda, anavuta mkono wa nguo anasema nitoeni mimi. Wakamkatalia kwa umri akakasirika.

Kuanzia hapo mtoto hasafiri bila mfuko wake, dawa za siku zote na za ziada, kipimajoto, nakala ya kadi ya kliniki, na karatasi yenye kundi lake la damu na hiyo SS imeandikwa kubwa, kwa sababu ukifika kituo cha afya kijijini usiku wa manane hutaki kuanza kuhadithia. Sa hivi daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa, Juni 2025, dakika chache umevuka. Bibi anasema angelipata lile daraja mapema asingekonda vile. Na siku hizi ndo yeye anayenipigia kuniuliza, foliki kanywa?

Alipoingia la pili dokta akataja haidroksiyurea. Nikaenda kuwauliza kinamama wenzangu kwenye benchi, mmoja akaniambia hiyo ni dawa ya kansa, watamharibu mtoto. Ni kweli inatumika kwenye kansa fulani fulani, ila kwa sikoseli inamfanya mtoto atengeneze zaidi ile damu ya kichanga niliyosema mwanzo, ile inayomlinda, na maumivu yanapungua na kulazwa kunapungua. Inataka kupima damu mara kwa mara na haitaki kuruka ruka. Kwake ilichukua miezi ndo tukaona tofauti, kisha mwaka ukapita karibu wote bila kulazwa, kitu ambacho kwetu hakijawahi kutokea. Usiache dawa kwa neno la benchi, benchi lile lina upendo mwingi ila halijasomea.

Shuleni ilikuwa kazi nyingine. Nilikuwa sijasema kitu mwanzoni, baba yake alitaka iwe siri, anasema atanyooshewa vidole, atakosa mume. Matokeo yake mwalimu akawa anamwona mvivu. Asubuhi ya Juni baridi ya ziwa ile, mchakamchaka, kumwagilia maua kwa maji ya baridi, akiomba kwenda chooni mara ya tatu anaambiwa kaa chini, chupa ya maji inakusanywa eti anachezea. Wenzake wanamwita macho ya njano. Alilazwa mara mbili muhula mmoja. Nikamwambia mume wangu siri yako inatugharimu zaidi ya huo uchumba wa mwaka 2035, nikachukua barua kliniki nikaenda kwa mwalimu mkuu, kisha kwa mwalimu wa darasa. Wa darasa aliposoma akakaa kimya halafu akaniuliza, mama mbona hukusema, mi mwenyewe dada yangu alikufa na huu ugonjwa. Kila Januari narudi na barua upya maana walimu wanabadilika. Maji darasani, choo bila kuomba mara mbili, sweta, kazi za kukaa, na akisema anaumwa msimwambie ngoja. Michezo anacheza, wasimzuie, ila akichoka apumzike mwenyewe.

Ninachotaka kukisema na sikisikii kwa watu ni cha mtoto mwingine, yule mzima. Kaka yake. Siku moja, ana kama miaka tisa, tunarudi kutoka hospitali na mwenzake ana chipsi na soda ya zawadi, akaniuliza, mama na mimi nikiumwa utanipeleka Bugando? Nikadhani utani. Baadaye mwalimu wake akaniita kwamba kila wiki anasema tumbo linauma na likipimwa halina kitu. Mtoto alikuwa anatafuta homa ili aonekane. Miaka yote alikuwa anaachwa kwa jirani usiku, anaambiwa usipige kelele mwenzio anaumwa, mpe mwenzio, ngoja mwenzio. Tukaanza kitu kidogo tu, Jumapili mchana ni ya kwake na mimi, tunashuka mpaka Kamanga kuangalia kivuko kinavyopakia magari, tunakula sato wa kukaanga, mwenzake haji hata akilia. Alisema tusizungumzie sikoseli huko, na mimi nilikubali. Tumbo likapona lenyewe. Tulimpima naye, ni AS. Tumeshamweleza, kwa lugha ya umri wake, kwamba yeye ni mzima ila siku akitaka kuoa apime na mwenzake apime kabla hawajapendana sana. Akasema kabla ndo lini sasa. Mdogo wao wa mwisho tulimpima mapema tu akiwa mchanga, hatukusubiri vidole vivimbe, yeye hana kitu.

Binti mwenyewe sasa ndo mwalimu. Akija dada mpya wa kazi anamkalisha, anamwonyesha bandama ilipo. Ni mdogo wa mwili, ukimweka na wenzake wa la saba utasema wa la tano, na hilo linamuuma kuliko sindano, tumeambiwa watoto hawa wanachelewa kukua na kuvunja ungo ila wanafika. Ana lugha yake ya maumivu, ya moja mpaka kumi, ikiwa tatu anakunywa maji anajilaza anasoma, ikiwa sita anachukua mfuko mwenyewe anakaa mlangoni.

Kidato cha kwanza ndo kinachotugombanisha sa hivi. Baba yake anataka bweni, anasema mtoto ana akili na nyumbani kuna kelele, na kule hatapanda mawe kila siku. Mi nataka dei hapahapa mjini. Dokta hakukataa bweni, alisema mkaulize kama kuna nesi anayelala palepale, maji yapo mwaka mzima, usiku kuna gari, na hospitali yenye damu iko umbali gani. Shule ya kwanza tuliyoenda mkuu alituambia vizuri tu kwamba nesi anaondoka saa kumi jioni. Ya pili tunaenda Jumamosi, wote watatu, na yeye ameshaandika maswali yake kwenye daftari, la kwanza kabisa ni kama wanaruhusu chupa ya maji kitandani.